Jino la Utotoni Lina Zamu Yake

Barabara itokayo Vurra, kwenye mpaka wa Kongo, hupita Arua na Koboko na kufika Oraba, kwenye mpaka wa Sudan Kusini. Askari wa jeshi na polisi wanaolinda njia hiyo ni wazazi pia, na wengi wanaujua usiku wa mtoto anayelia kwa maumivu ya jino. Kukicha, husikika moja ya kauli mbili: kwamba jino hilo ni la utotoni na litang'oka lenyewe, au kwamba ling'olewe mara moja ili kilio kikome. Kauli zote mbili zina kasoro, na yafaa sababu zake zielezwe.

Mtoto ana meno 20 ya utotoni. La kwanza huota apatapo miezi 6 hivi, na yote huwa yametimia akikaribia umri wa miaka 3. Meno ya mbele huanza kung'oka kwenye miaka 6, lakini magego hubaki kinywani hadi miaka 10, au hata 12. Kwa hiyo gego lililooza la mtoto wa miaka 4 bado lina kazi ya miaka 6 au zaidi. Kumwambia mtoto huyo angoje ni kumtaka avumilie maumivu kwa muda unaokaribia miaka yote ya shule ya msingi.

Aidha, gego hilo hulinda nafasi ya jino la ukubwani linalokua chini yake. Likitolewa mapema, majirani zake husogea, nafasi hufungika, na jino jipya huota upande. Ni sawa na kituo cha ulinzi kilichoachwa wazi kabla ya wapokea zamu kuwasili.

Meno huharibiwa na vijidudu vya kinywani ambavyo hugeuza sukari kuwa asidi. Chai ya sukari, soda na biskuti zinazotafunwa mchana kutwa, pamoja na chupa ya kinywaji kitamu anayolala nayo mtoto, huupa uharibifu huo nafasi ya kuendelea. Tundu likifika kwenye kiini cha jino, usaha hufanyika. Mtoto hali vizuri, halali, wala hasikii mafunzo darasani. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2022 kwamba watoto wapatao milioni 514 duniani wana meno ya utotoni yaliyooza.

Habari njema ni kwamba jino kama hilo mara nyingi huokolewa, tena bila mitambo mikubwa. Katikati ya miaka ya 1980, nchini Tanzania, mtaalamu Jo Frencken alianzisha njia ya kutibu meno mahali pasipo umeme. Mganga hukwangua sehemu iliyolainika kwa vyombo vya mkono, kisha huziba tundu kwa saruji maalumu inayoshikamana na jino na kutoa floridi. Shirika la Afya Duniani liliitangaza njia hiyo kwa mataifa mwaka 1994, na mwaka 2021 liliiingiza saruji hiyo katika orodha yake ya dawa muhimu.

Njia hiyo hufaa zaidi kwa tundu dogo. Gego lililobomoka pande mbili au tatu huhitaji kofia ya chuma kisichoshika kutu, inayolifunika lote. Huko Scotland, daktari Norna Hall alizoea kuibana kofia hiyo juu ya gego lililooza bila sindano ya ganzi wala kuchimba, na utafiti uliochapishwa mwaka 2007 ulithibitisha kuwa njia hiyo inafaa. Vijidudu vilivyofungiwa ndani hukosa sukari, na uozo husimama. Ipo pia dawa ya fedha na floridi, inayopakwa juu ya tundu ili kuzuia uozo usiendelee. Hulitia jino weusi, lakini mtoto hachomwi sindano.

Hata hivyo, kofia haiwekwi juu ya usaha. Jino lenye jipu kwenye ufizi, au linalouma usiku bila kuguswa, linahitaji matibabu ya kiini au kung'olewa na mganga. Uvimbe wa shavu ukifuatana na homa ni hatari kwa maisha: mtoto apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Mzazi aliye Koboko aanzie katika kituo cha afya kilicho karibu, na kazi ikizidi uwezo wa hapo, apewe barua ya kwenda Hospitali ya Rufaa ya Arua. Aulize waziwazi kama jino laweza kuzibwa au kufunikwa kabla ya kukubali ling'olewe. Kwa kuwa askari huhamishwa, karatasi za matibabu ya mtoto zifungwe pamoja na mizigo, ili mganga wa kituo kipya ajue kilichofanywa.

Nyumbani, mtoto apigwe mswaki mara mbili kwa siku kwa dawa ya meno yenye floridi, kwa mkono wa mtu mzima hadi afikishe miaka 7 hivi. Askari hangoji silaha ioze ndipo aisafishe. Jino la mwanawe linastahili uangalifu huo huo, hadi mwisho wa zamu yake.