Mishipa Iliyovimba Miguuni

Wasimamao kutwa, kama wauzaji wa soko la Darajani, na wanawake wenye mimba, huweza kuona mishipa ya miguu imevimba na kujipinda kama kamba. Ndani ya mishipa hiyo mna vilango vizuiavyo damu isirudi chini; vikilegea, damu hutuama. Msiichanje kwa wembe, maana damu itatoka nyingi. Pumzikeni mkiinua miguu, mtembee kila siku, mvae soksi za kubana kwa shauri la daktari. Madaktari huifunga kwa sindano au kwa joto, au huitoa kwa kupasua. Ile midogo kama utando wa buibui kwa kawaida haina hatari. Lakini mguu mmoja ukivimba ghafula na kuuma, huenda damu imeganda ndani: nendeni Hospitali ya Mnazi Mmoja siku ile ile.