Kitabu cha malezi kilivyotugombanisha mimi na Baba Neema

Mpenzi msomaji, hebu sema ukweli: ulipopata ujauzito wa kwanza, si ulikimbilia vitabu? Mimi nilikimbilia. Jioni moja nikitoka kazini nilipita kwa wauza vitabu vya mitumba pale Posta, Dar es Salaam, nikaondoka na vinne. Vyote vya Kiingereza, vyote na picha ya mtoto mnene anayecheka. Nilivichagua kwa jalada, kama mtu anavyochagua kitenge.

Miezi ya kwanza mambo yalikuwa shwari. Balaa lilianza Neema alipotimiza mwaka. Kitabu kimoja, jina nalihifadhi, kilikuwa na jedwali: mwezi wa 6 akae, wa 9 atambae, wa 12 atembee. Neema wangu wala hana habari! Anatambaa mbio mpaka uvunguni, anashika kochi anasimama, basi. Mtoto wa jirani, waliyepishana wiki mbili tu, tayari anafukuza kuku uani.

Nikakosa usingizi. Kila Baba Neema akirudi, hata viatu hajavua, namwonyesha ukurasa. Yeye anacheka: "Mama Neema, hata mimi nilichelewa. Muulize mama." Kile kicheko kilinichoma, nikaona hajali. Nikachota pesa tuliyoweka kwa ajili ya kodi ya nyumba, nikanunua kile kigari cha magurudumu cha kumfundishia mtoto kutembea. Sikumwambia.

Siku ya tatu, niko jikoni, nikasikia kishindo. Neema alikuwa ameanguka na kigari chake kwenye ngazi ya baraza. Kidevu kimechanika, damu imetapakaa kwenye gauni. Alishonwa nyuzi tatu. Usiku ule mume wangu hakufoka. Alikaa kimya, na kimya kile kilinitisha kuliko kelele. Mwishowe akasema: "Kwa hiyo aliyeandika kitabu unamwamini kuliko mimi?" Sikuwa na jibu.

Nesi alivyotufungua macho

Siku ya kutoa nyuzi tulienda wote wawili. Nesi alimtazama Neema akisimama kwa kushika kiti, akauliza: Akiitwa anageuka? Anatumia mikono yote miwili? Kuna kitu alikuwa anakiweza sasa ameacha? Tukajibu. Akacheka: "Mtoto hana tatizo. Mwenye haraka ni mama."

Akatueleza kwamba mwaka 2006 Shirika la Afya Duniani lilitoa matokeo ya utafiti wa watoto wa Ghana, India, Norwe, Oman na Marekani. Watoto wenye afya njema walianza kutembea wenyewe wakiwa na umri wa kati ya miezi 8 na karibu 18. Yaani wanapishana karibu miezi kumi, na wote wako sawa! Na kile kigari? Kanada ilipiga marufuku kuviuza tangu 2004, kwa sababu ya ajali za ngazi kama yetu.

Sasa tunachagua hivi

Vile vinne tulivichambua upya, safari hii wawili. Haya ndiyo tunayoyaangalia:

Mwaka wa toleo. Usione aibu kufungua kurasa za mwanzo. Ushauri hubadilika. Kitabu maarufu cha Dk. Benjamin Spock wa Marekani kilitoka 1946, na baadhi ya matoleo yake ya zamani yalishauri mtoto mchanga alazwe kifudifudi. Leo wataalamu wanasema alazwe chali, kwani kifudifudi huongeza hatari ya kufa ghafla usingizini.

Kinatoa tarehe au kipindi? Kitabu kizuri husema "kati ya mwezi huu na ule". Kinachosema "siku fulani lazima" kitakuua kwa presha.

Dalili za hatari. Kieleze waziwazi lini umpeleke mtoto kwa daktari: kwa mfano, amefika miezi 18 hajatembea, au amepoteza uwezo aliokuwa nao, kwa umri wowote ule. Kusubiri ni kuzuri, lakini kuna mwisho wake. Hapo nami nilikuwa na haki ya kuuliza!

Jiko lako. Kama kila mlo ni wa makopo ya dukani, wewe mwenye uji, ndizi na maharage kitakusaidia nini?

Lugha. Kimoja angalau kiwe cha Kiswahili, ili bibi na dada wa nyumbani nao wakisome. "Mahali Pasipo na Daktari" cha David Werner kina sura nzima ya afya ya watoto. Na kadi ya kliniki usiidharau. Imeandikwa kwa ajili ya mtoto wako, siyo wa Ulaya.

La mwisho, na kwangu ndilo kubwa: someni wote wawili. Mmoja akisoma peke yake anageuka mwalimu, mwenzake anageuka mwanafunzi mtoro. Sasa Jumapili jioni tunasoma kurasa mbili tatu, tunabishana, tunacheka. Pesa ya kodi niliirudisha kidogo kidogo, na pole niliiomba kwa mdomo wangu mwenyewe.

Neema? Alitembea akiwa na miezi 15, kutoka kwenye kochi mpaka kwa baba yake. Nilikuwepo, na sikuwa nimeshika kitabu.