Vumbi la Kipushi Lihesabiwe

Kiangazi kikiingia Katanga, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, pepo za kusini-mashariki huvuma juu ya malundo ya mabaki ya mgodi yaliyolala kando ya mji wa Kipushi, kilomita 30 hivi kutoka Lubumbashi. Vumbi laini huinuka, likatua juu ya mabati, juu ya nguo zilizoanikwa, juu ya mihogo iliyotandazwa juani. Mgodi huo ulifunguliwa mwaka 1924 enzi za kampuni ya Union Minière, ukarithiwa na kampuni ya Gécamines, ukasimama mwaka 1993, na mwaka 2024 ukaanza tena kutoa zinki. Mwamba wake una zinki na shaba, lakini una pia risasi na kadimi, ambazo mwili wa binadamu hauzihitaji hata chembe. Mwenye nyumba hufagia asubuhi na jioni, naye hulalamika. Lakini lalamiko lisilo na tarehe, mahali wala kipimo hujibiwa kwa neno moja tu: vumbi liko kila mahali.

Ndiyo maana naamini silaha ya kwanza ya mkaazi wa Kipushi ni daftari. Katiba ya Kongo ya mwaka 2006, kifungu cha 53, inampa kila mtu haki ya mazingira yenye afya. Sheria ya madini iliyorekebishwa mwaka 2018 imekwenda mbali zaidi: mwenye kibali cha uchimbaji huwajibika kwa madhara ya kazi yake hata kama hakufanya uzembe wowote. Basi mzozo hauhusu tena nani alikosea. Unahusu madhara yapo au hayapo, na yametoka wapi. Hapo asiye na kumbukumbu hana la kusema.

Wapo watakaouliza: wananchi wasiosomea kemia watapima nini? Swali ni halali, na jibu limo katika historia ya Katanga yenyewe. Mwaka 2009 Profesa Célestin Banza wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, pamoja na wenzake wa Leuven, Ubelgiji, walichapisha matokeo ya vipimo vya mkojo wa watu 351. Waliokaa karibu na migodi na viwanda vya kuyeyushia madini walikuwa na kobalti nyingi kuliko waliokaa mbali, na watoto ndio waliokuwa na kiwango cha juu zaidi. Maabara ilifanya kazi yake, ila bila wazazi kukubali kutoa mkojo wa watoto wao kusingekuwa na cha kupima.

Na kipimo cha vumbi si kigumu. Ndoo safi yenye mdomo mpana hupandishwa juu ya nguzo ya mita mbili, mbali na jiko na barabara, ikaachwa siku 30 za kiangazi. Vumbi lililotua ndani hupimwa uzito, kisha hupelekwa maabara kutafutwa risasi na kadimi. Ndoo ya pili huwekwa upande upepo unakotoka, kabla haujafika kwenye malundo. Tofauti kati ya ndoo hizo mbili ndiyo ushahidi. Ndoo moja peke yake haithibitishi kitu. Vifaa vya bei nafuu vya kupima hewa, kama vile vinavyotengenezwa Kampala na mradi wa AirQo wa Chuo Kikuu cha Makerere, huonyesha saa ambayo chembe zimezidi, lakini haviwezi kutenga risasi na moshi wa makaa. Kwa hiyo kifaa, ndoo na maabara vyote vinahitajiana.

Hoja nzito kuliko zote ni umri wa vumbi lenyewe. Kampuni inayoendesha mgodi leo inaweza kusema imekuta uchafu wa miaka mia. Huenda ni kweli, na vipimo vya mwezi baada ya mwezi vitailinda ikiwa haiongezi kitu. Malundo ya zamani nayo hayana haki ya kukosa mwenyewe: Gécamines ni mali ya serikali, na serikali ipo. Wanaohofia ajira wakumbuke kwamba kupima hakufungi mgodi.

Mfano upo Kenya: huko Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilitia madini ya risasi miilini mwa watu hadi kilipofungwa mwaka 2014. Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi wake, na majirani walipeleka mahakamani majibu ya vipimo vya damu. Mwaka 2020 wakaazi wakapewa fidia ya shilingi bilioni 1.3, rufaa ikaitengua mwaka 2023, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha. Safari ndefu namna hiyo haisafiriwi kwa maneno ya mdomo. Wenye nyumba wa Kipushi, andikeni tarehe, saa na upande wa upepo, na ndoo ziwe juu ya nguzo kabla ya Mei.