Stadi za Michezo ya Video katika Maombi ya Chuo

Tangu Chuo Kikuu cha Robert Morris Illinois, mjini Chicago, kilipoanza mwaka 2014 kutoa ufadhili wa masomo kwa wachezaji wa League of Legends, michezo ya video ya ushindani imezidi kupata heshima katika vyuo vya Marekani. Hata hivyo, fomu ya Common App, yaani ombi moja linalopokewa na vyuo vingi, humruhusu kijana kutaja shughuli 10 tu, kila moja ikielezwa kwa herufi zisizozidi 150. Kwa hiyo, kuandika “hucheza kila siku” ni kupoteza nafasi adimu, ilhali “nahodha wa timu ya watu watano, hupanga mazoezi na kuchambua mechi zilizorekodiwa” huthibitisha uongozi na nidhamu ambavyo kijana hapaswi kuvificha.