Mara ya mwisho kuketi na moyo wako ilikuwa lini?

Je, msomaji, ni lini ulipoketi peke yako, bila redio, bila simu na bila mtu wa kukuuliza chumvi iko wapi, ukauuliza moyo wako una nini? Wakazi wengi wa Nairobi na Mombasa huamka alfajiri, wakang'ang'ania matatu na kurejea usiku wakiwa hoi. Ukiwajulia hali, jibu ni "mzuri". Kisha mama anafoka kwa sababu ya kikombe kilichovunjika, naye mtoto anayejiandaa kwa KCSE anakesha akiitazama dari ilhali kitabu ki wazi mbele yake.

Twasema moyo ni mzito, au roho iko juu. Na kweli moyo wenyewe, ile nyama inayodunda kifuani, huifuata pumzi. Ukivuta pumzi, mapigo huongeza mwendo kidogo, ukiitoa, hupungua. Utulivu huo huletwa na mshipa wa fahamu uitwao vagasi, unaoshuka kutoka ubongoni hadi kifuani na tumboni. Ndiyo maana anayetoa pumzi polepole hutulia, ilhali anayehema juu juu huzidi kubabaika.

Mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20 kwa dakika. Mnamo 2001, Luciano Bernardi wa Pavia, Italia, na wenzake walichapisha utafiti kuhusu watu 23 waliosali rozari kwa Kilatini na pia kukariri maneno ya yoga. Ilibainika kwamba yote mawili yalishusha pumzi hadi karibu mara sita kwa dakika, hali iliyousaidia mwili kusawazisha msukumo wa damu. Nyanya zetu wenye rozari mkononi hawakuhitaji kuambiwa.

Nayataja haya kwa sababu wapo wanaoliogopa neno taamuli wakidhani wanatakiwa kubadili dini. Hata kidogo. Herbert Benson, daktari wa moyo wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, aliyeandika kitabu kuhusu utulivu huu mnamo 1975, alimwachia kila mtu achague neno au sala ya imani yake. Keti wima, fumba macho, legeza mabega, na kila unapotoa pumzi litaje neno hilo kimoyomoyo. Wazo la kodi ya nyumba likiingia, usigombane nalo. Rudi kwenye neno lako. Dakika 10 hadi 20 zatosha. Ukipenda, weka kiganja kifuani uusikie moyo ukidunda. Ukiona kizunguzungu, acha upumue kawaida, na maumivu ya kifua ni ya kupelekwa hospitalini. Wapo wanaotoza maelfu ya shilingi kufundisha kazi hii. Mimi sioni kinacholipiwa.

Baada ya kutulia, chukua daftari na kalamu. Mnamo 1986, James Pennebaker na Sandra Beall walichapisha matokeo ya jaribio lao kwa wanafunzi wa chuo kikuu huko Texas. Waliandika dakika 15 kila siku kwa siku nne. Waliosimulia machungu yao, yaliyotokea pamoja na walivyohisi, walitoka wakiwa na huzuni kuliko walivyoingia. Lakini katika miezi iliyofuata walienda zahanati ya chuo mara chache kuliko walioandika mambo ya juu juu. Kwa hivyo usishtuke ukilia siku ya kwanza. Hakuna anayesahihisha tahajia. Sheng' pia inafaa. Aliyefiwa juzi, hata hivyo, asijilazimishe. Huyo anahitaji mtu wa kuketi naye kwanza.

Shida kubwa katika nyumba zetu si wakati, ni siri. Familia ya watu sita inayogawanya chumba kwa pazia itaficha daftari wapi? Anne Frank, msichana Myahudi aliyepewa daftari alipotimiza miaka 13 mnamo Juni 1942, aliliandikia mafichoni Amsterdam, walikojibanza watu wanane kwa zaidi ya miaka miwili. Baba yake, Otto, ndiye pekee aliyenusurika katika familia hiyo. Aliposoma daftari baada ya vita, alikiri kwamba hakuwa amejua binti yake alikuwa na mawazo mazito kiasi hicho, ingawa waliishi bega kwa bega.

Wazazi wengi wakisikia hayo watataka kupekua mkoba wa mtoto leo usiku. Tafadhali msifanye hivyo. Mtoto akigundua kwamba mama alisoma, hataacha kuandika tu, ataanza kuandika uongo. Ukiwa na wasiwasi juu yake, muulize ana kwa ana, mkichambua sukuma au mkitoka kanisani au msikitini. Mnunulieni daftari lake, kisha baba atangaze mezani kwamba halifunguliwi na yeyote, hata yeye mwenyewe.

Nawe usiyeamini kwamba siri yako itakaa, andika kwenye karatasi kwa dakika 15, kisha uitie jikoni makaa yakiwa bado moto.