Kalamu ya mbao ikipasuka: ufa gani unazibwa, ufa gani unatupwa



Wengi mnanijua juu ya zile kalamu za mbao ninazokereza nyumbani hapa Lubumbashi tangu nilipomaliza masomo bila kupata kazi. Leo sitaongea bei, nitaongea nyufa. Nyufa njo zilikaribia kunimaliza.

Mwaka juzi kundi moja la wanafunzi waliniagiza kalamu sita za kuwapa maprofesa wao siku ya kutetea kazi zao. Mbao ilikuwa mukula, ule mti mwekundu wa kwetu Katanga ambao tangu 2019 biashara yake ya nje inafuatiliwa na CITES. Mimi natumia vipande vinavyobaki kwa seremala. Kalamu mbili zilionyesha ufa mwembamba nikiwa kazini. Nikajaza unga wa mbao na kole, nikapiga msasa, zikang'aa. Kufika mwezi wa saba zote mbili zikapasuka tena, pale pale, urefu mzima. Nilirudisha pesa, na faida ya zile nne ikaishia humo.

Nililaumu kole. Kumbe mbao ilikuwa bado na maji. Kalamu ya namna hii iko na bomba la shaba ya njano ndani, lenye upana wa milimita 7, na mbao inagandishwa juu yake. Kiangazi kikifika, hewa ya huku inakauka vibaya sana na mbao inasinyaa, lakini shaba haisinyai. Ni kama shati lililoingia maji likaanza kubana mwilini: mwili haupungui, basi vifungo vinaruka. Kujaza ufa wa mbao mbichi ni kuupaka poda tu. Siku hizi kila kipande napaka nta ya mshumaa kwenye ncha zote mbili ili kisikauke haraka upande huo, naandika uzito wake juu yake, na napima kila wiki. Uzito ukiacha kushuka, hapo natoboa.

Joto nalo linapasua, hata mbao kavu. Ukitoboa kwa kasi bila kutoa maranda, ao ukikandamiza msasa mpaka kidole kinaungua, mbao nzito kama mpingo inafunguka mbele ya macho yako. Toboa polepole, vuta nje, safisha, rudi.

Sasa, ufa umetokea kwenye mbao kavu. Kwanza simamisha mashine. Usitie kole kitu kikizunguka, itakurudia usoni, na miwani uvae tangu mwanzo. Wakati mzuri wa kukagua ni pale kalamu imebakiza kama milimita moja na nusu juu ya kipimo cha mwisho. Hapo uko bado na nafasi ya kujaza kupita kiasi halafu kukata. Ukigundua ufa ukiwa kwenye msasa wa mwisho, umechelewa kidogo.

Ufa mwembamba kama unywele unataka kole ya haraka ile ya maji maji, matone mawili, inajivuta yenyewe ndani. Pangusa kwa karatasi ya jikoni, si kwa kitambaa cha pamba: pamba na ile kole vinawaka joto mpaka moshi unatoka, nimeshaungua. Ufa unaoingiza ukucha unataka kujazwa. Unga wa mbao ile ile unafaa, lakini mjue kwamba ukilowa kole unakuwa mweusi kuliko mbao yenyewe. Kwa mukula haionekani sana. Kwa mbao nyeupe inabaki kama kovu.

Kwa hiyo tundu kubwa, la fundo ao la mdudu, mimi sijaribu tena kulificha. Natia rangi nyingine kabisa. Kuna unga wa shaba ya njano unaoanguka kwa fundi wa funguo sokoni, huo napewa bure. Na kuna malakiti, lile jiwe la kijani la shaba kutoka Kolwezi na Likasi, ambalo wachongaji wanatengenezea shanga na sanamu. Vipande vyao vilivyovunjika nasaga, nikiwa nimevaa maski, juu vumbi lake si la kuvuta. Malakiti ni laini kuliko kioo, patasi inaikata vizuri, ila utanoa mara nyingi. Weka tabaka jembamba, tone la kole, ngoja, tabaka lingine. Ukijaza yote mara moja, kole inagandisha juu tu na chini unabaki unga mkavu. Siku kalamu ikianguka, kijani yote inamwagika.

Kama tundu linafika mpaka kwenye bomba, shaba itaonekana chini ya kijazio. Paka bomba rangi nyeusi mbele ya kuligandisha, halafu tumia kole ya sehemu mbili, sawa kwa sawa, na uiache mpaka kesho yake.

Mteja namwonyesha mahali nilipojaza. Wa malakiti wanafurahi, wengine wanaomba kalamu yenye tundu makusudi, jambo ambalo sikulitegemea.

Na kuna zile nisizoziziba. Ufa unaotoka ncha mpaka ncha na kufika kwenye shaba, ao unaoongezeka ukikandamiza kwa kidole gumba, huo hapana. Hapo naendelea kukereza mpaka mbao yote inaisha, bomba linabaki tupu na zima, nalikwaruza kwa msasa, na linaingia kwenye kipande kingine.