Alikuwa Amevaa au Alikuwa Anavaa? Kitenzi "Put On" katika Kiingereza cha Uganda na Tafsiri Yake kwa Kiswahili

Naguru, jijini Kampala, ndiko yaliko makao makuu ya Polisi wa Uganda, chombo ambacho kimetumia Kiswahili tangu enzi ya ukoloni. Maelezo ya shahidi huweza kutolewa kwa lugha moja na kuandikwa kwa nyingine. Hapo kosa la kisarufi hugeuka kosa la ushahidi. Kitenzi cha Kiingereza "put on" ni mfano mzuri.

Katika Kiingereza cha Uingereza, kitenzi hiki hutaja tendo la kuingiza nguo mwilini, nalo hukoma vifungo vikishafungwa. Hali inayofuata hubebwa na kitenzi kingine, "wear". Katika Kiingereza cha Uganda mpaka huo umefifia: "He was putting on a red shirt" humaanisha kwamba shati lilikuwa tayari mwilini. Chanzo hakiko mbali. Kiganda kina kitenzi kimoja, okwambala, na hutofautisha tendo na hali kwa umbo lake: ayambala, ayambadde. Kiswahili nacho hufanya vivyo hivyo: anavaa, amevaa. Kuyaita matumizi hayo uvivu wa wasemaji, basi, si haki.

Tatizo huanza mfasiri anapofuata umbo badala ya maana, akaandika "alikuwa anavaa shati jekundu". Msomaji wa Mombasa au Dar es Salaam ataelewa ama kwamba mshukiwa alionekana akijivika, pengine akibadili nguo asitambulike, ama kwamba shati hilo lilikuwa vazi lake la kawaida. Maana ya kwanza humtia mashakani. Ya pili haimweki popote penye tukio. Shahidi hakusema lolote kati ya hayo. Alisema "alikuwa amevaa".

Nje ya nguo, "put on" haina kisawe kimoja. Taa huwashwa, chungu hubandikwa, mchezo huonyeshwa, aliyeongeza uzito amenenepa, na anayejisingizia ugonjwa hujifanya. Hata mwilini Kiswahili huchagua zaidi: kanga hufungwa, kilemba hupigwa, wanja hutiwa. Shahidi wa pwani akisema mwanamke "amejitanda", amekwisha kudokeza aina ya vazi kabla ya kulitaja.

Mwaka 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi, na kazi ya wakalimani itaongezeka. Anayeandika maelezo hahitaji nadharia nzito. Amuulize shahidi iwapo shati lilikuwa tayari mwilini, kisha achague kati ya -me- na -na-.